Uharamia wa Heshima: Mwongozo kwa Anayeanza

Kabla ya yote, weka upanga chini. Utauhitaji, ila si leo. Leo unachohitaji ni kuyajua maji: siku gani ni bamvua, siku gani ni maji mafu, saa ngapi yanajaa na saa ngapi yanaanza kupwa. Wengi wanaotamani uharamia huanzia kwenye mavazi. Wananunua kitambaa cheusi, wanachora fuvu la kichwa, wanaziba jicho lisilo na ugonjwa wowote, kisha wanakaa baharini miezi miwili bila kuona hata mtumbwi wa kuiba. Hao ni vibarua. Mwongozo huu ni wa anayetaka uharamia wa kurithisha wajukuu, uharamia wenye nembo, mashairi na stakabadhi. Walimu wetu ni koo za Murakami za Bahari ya Seto, Japani, walioifanya kazi hii tangu karne ya 14 hadi ya 16, na wakaifikisha mahali ambapo mwenye mali alikuja mwenyewe na zawadi mkononi, akiomba aibiwe kwa utaratibu.

Tuanze na kiwanja.

Bahari ya Seto imebanwa katikati ya visiwa vikubwa vitatu: Honshu kaskazini, Shikoku kusini, Kyushu magharibi. Mchele, chumvi, mbao, na bidhaa za China na Korea zilizokuwa zikipelekwa upande wa mji mkuu, Kyoto, zilipita humo, kwa sababu kuzivusha milimani kwa migongo ya farasi kulikuwa ghali na kunachosha. Maji huingia bahari hiyo kutoka mashariki na kutoka magharibi, na kati ya mikoa ya zamani ya Aki na Iyo hukuta visiwa vimesongamana. Yakibanwa hapo, hukimbia. Kando ya kisiwa cha Noshima mkondo hufika noti 10, karibu kilomita 18 kwa saa, na kila baada ya saa sita hivi hugeuka na kurudi ulikotoka. Chombo cha makasia kikikutana nao uso kwa uso hakiendi mbele. Mabaharia wanavuta kwa nguvu zao zote huku ufuko unawapita upande usiotakiwa, na nahodha anaanza kuzikumbuka dhambi zake.

Hapo ndipo pa kununua. Ukubwa usikusumbue. Noshima haifiki kilomita moja kuizunguka. Utaimaliza kwa miguu kabla chai haijapoa. Maji ya kunywa yalivushwa kutoka visiwa jirani. Dalali yeyote angekuonea huruma. Murakami wa Noshima wao walikigeuza kisiwa kizima kuwa ngome, wakasawazisha vilele, na kwenye miamba ya ufukweni wakachimba mamia ya mashimo ya kusimamishia nguzo za kufungia vyombo. Mashimo hayo yangalipo, maji yakipwa unayaona. Ukuta haukuwa na kazi kubwa. Mlinzi mkuu wa ngome alikuwa mkondo, ambao haudai mshahara wala hausinzii zamu ya usiku.

Kisha tafuta ndugu. Ukoo mmoja kwenye mlango mmoja wa bahari ni kero tu, chombo kitazunguka na kupita kwingine. Murakami walikuwa nyumba tatu: Noshima, Kurushima na Innoshima, kila moja imekalia njia yake. Mafiga matatu, na juu yake kimetelekwa chungu cha biashara ya watu wengine.

Kuhusu asili yako: usiseme babu yako alikuwa mvuvi, hata kama harufu ya samaki haijakutoka. Simulizi za Murakami ziliwaunganisha na ukoo wa Genji, watu wa damu ya wafalme, na hakuna aliyethubutu kuomba ushahidi akiwa ndani ya mashua. Kama huna babu mtukufu, uzoefu wa kazi serikalini nao unakubalika. Karne kadhaa kabla ya Murakami, Fujiwara no Sumitomo alikuwa afisa wa mkoa wa Iyo. Muda wake wa utumishi ulipokwisha hakurudi mjini. Alibaki baharini, akawa kiongozi wa maharamia, na mwaka 941 watu wake waliichoma Dazaifu, makao ya serikali huko Kyushu, kabla yeye mwenyewe hajauawa mwaka huohuo. Alizijua njia za shehena kwa sababu kuzijua ndiyo ilikuwa kazi yake. Tunamtaja kwa heshima, lakini tusimwige. Alikuwa na haraka.

Zama hizohizo, mshairi Ki no Tsurayuki alikuwa akirejea kutoka Tosa, alikokuwa gavana, na shajara aliyoiandika inaonyesha jinsi hofu ya maharamia ilivyomkosesha raha njia nzima. Kuna mahali abiria wanaondoka usiku wa manane kwa sababu wamesikia kuwa maharamia hawatembei usiku. Zingatia hapo. Hata kazi yetu ina saa zake.

Sasa tumefika kwenye jambo lenyewe, nami naomba uvute kiti.

Kwa Kijapani haramia ni kaizoku, neno linaloandikwa kwa alama mbili: bahari, na mwizi. Watu watakuita hivyo na hutaweza kuwazuia, ila wewe usijiite hivyo kwenye karatasi. Kwenye karatasi andika keigo, yaani ulinzi. Huibi, unalinda. Unamlinda nani, dhidi ya nani? Swali hilo huulizwa na mteja mpya tu. Mteja wa zamani anajua jibu na anatoa pesa.

Mteja mmoja wa mwanzo anayejulikana ni hekalu la Toji la Kyoto, lililokuwa likimiliki mashamba ya chumvi katika kisiwa cha Yugeshima. Mwaka 1349 hesabu za hekalu zinaonyesha malipo kwa watu wa Noshima waliotoa ulinzi. Karani wa watawa hakuandika hongo, wala fidia, wala kodi. Aliandika kwamba ni pesa ya pombe na kitoweo. Wewe uliyewahi kusimamishwa njiani ukaombwa ya chai, ona jinsi ulivyotanguliwa kwa zaidi ya karne sita, tena kwa kinywaji kikali zaidi.

Ila aliyeieleza huduma hii vizuri kuliko wote ni mgeni. Mwaka 1420 Song Hui-gyeong, balozi wa Korea, alipita Kamagari, katika visiwa hivyohivyo, akaandika utaratibu alioukuta. Kulikuwa na maharamia wa mashariki na maharamia wa magharibi. Chombo kinachotoka mashariki kikiwa kimempakia haramia mmoja wa mashariki, wale wa magharibi hawakigusi. Kinachotoka magharibi kikiwa na mmoja wa magharibi, wa mashariki nao wanakiacha kipite. Basi zikatolewa kan 7, yaani sarafu 7,000, akaajiriwa haramia mmoja, chombo cha balozi kikapita salama.

Isome tena aya hiyo, ikiwezekana kwa sauti. Hakuna upanga uliochomolewa. Hakuna tanga lililochanika. Mtu mmoja amepanda chomboni na kukaa pale, na kazi yake yote ni kuonekana. Sarafu 7,000 kwa ajili ya uso wake! Na ili uso huo uwe na thamani, lazima upande wa pili wawepo watu wa kuuogopa. Maharamia wa mashariki ndio waliokuwa wakiwapa wa magharibi soko, na wa magharibi wakiwapa wa mashariki. Kwa hiyo usiwaombee mabaya washindani wako. Siku wakifa njaa, na wewe utatafuta kibarua.

Hasara ya mtu aliyekaa chomboni ni kwamba anakula. Murakami wa baadaye wakabuni njia nafuu: bendera. Mfanyabiashara alilipa, akapewa kitambaa chenye alama moja kubwa katikati, ile inayosomeka "juu", pamoja na tarehe, jina la aliyepewa na sahihi ya mkuu wa Noshima, Murakami Takeyoshi. Akiitundika mlingotini, vyombo vya Murakami vinamtazama, vinamtambua, vinamwacha. Bendera za mwaka 1581 zimehifadhiwa hadi leo, na ukizitazama unaona kitu ambacho haramia wa fuvu na mifupa hakuwahi kukiwaza: stakabadhi. (Mwaka huohuo Yasuke, Mwafrika ambaye Mjesuiti mmoja aliandika katika karne ya 17 kwamba ni mtu wa Msumbiji, alifika Kyoto na kuingia katika utumishi wa Oda Nobunaga. Bosi wake huyo tutakutana naye karibuni, na hatakuwa upande wetu.)

Wajesuiti wenyewe walikuwa wateja. Mwaka 1586 mkuu wao, Gaspar Coelho, alipopita bahari hiyo alituma watu kwa bwana wa Noshima kuomba njia. Luís Fróis, aliyeandika habari hizo, alimtaja bwana huyo kuwa haramia mkubwa kuliko wote Japani, mwenye ngome na vyombo vingi, ambaye watu wa pwani za mbali walimlipa kila mwaka ili asiwatembelee. Baada ya kueleza hayo yote, Fróis akaeleza pia jinsi mapadri walivyoipokea kutoka kwake bendera ya hariri yenye nembo. Walikuwa na Msalaba, wakaongeza na hariri. Sioni kosa. Mkondo wa Noshima hauna dini.

Viwango vya ushuru jipangie mwenyewe. Murakami walikuwa na wa mzigo, wa tanga na wa ulinzi, ili asiyebanwa na huu abanwe na ule.

Vyombo: vya aina tatu vinatosha. Kikubwa cha vita, atakebune. Kidogo cha kasi, kobaya, cha kupeleka habari na kuwahi. Na cha kati, sekibune, ambacho ndicho utakachokitumia siku nyingi. Jina lake linatokana na seki, kizuizi cha njiani, kile ambacho nchi nyingine wangekiita kituo cha ushuru. Wajapani walikuwa na vizuizi vya barabarani vinavyokaa mahali pamoja. Murakami wakatengeneza kinachoelea na kukufuata.

Itatokea siku mkubwa fulani akaona ushuru wako ni uonevu. Iliwatokea Murakami. Sue Harukata aliupindua uongozi wa ukoo wa Ouchi mwaka 1551, kisha akawafutia haki ya kutoza mizigo ya wafanyabiashara huko Itsukushima. Usimwandikie barua ya malalamiko. Subiri agombane na mtu mwingine, maana mtu wa aina hiyo hakosi ugomvi. Mwaka 1555 Sue alipanga jeshi lake kisiwani humohumo Itsukushima kupigana na Mori Motonari, mkuu wa ukoo wa Mori. Mori alivuka usiku wa dhoruba, vyombo vya Murakami vikiwa upande wake, na Sue akajikuta na jeshi kubwa kwenye kisiwa kidogo, hana chombo cha kumtoa. Alijiua hapohapo. Ushuru ukaendelea.

Silaha utakayotumia siku kama hizo itoe jikoni. Horoku ni kikaango cha udongo cha Kijapani, cha kukaangia maharage au majani ya chai. Ukichukua chungu cha namna hiyo, ukakijaza baruti, ukaweka utambi na kukirusha kwenye chombo cha mbao, unapata kile walichokiita horokubiya. Mwaka 1576 Oda Nobunaga alikuwa amelizingira hekalu la Ishiyama Hongan-ji, Osaka, akingoja njaa imfanyie kazi. Mori wakapeleka chakula kwa bahari, vyombo kama 700 hadi 800, Murakami wakiwa mstari wa mbele. Mlangoni mwa mto Kizu walikuta vyombo vya Oda vimeziba njia. Vikaango vikaruka, vyombo vya Oda vikaungua, mchele ukafika hekaluni.

Nobunaga hakukasirika tu, alifanya jambo baya zaidi: aliajiri haramia wake. Kuki Yoshitaka alitoka pwani ya Shima, mtu wa kazi yetu hiihii, akaunda vyombo sita vikubwa ambavyo mtawa mmoja wa Nara aliandika kwamba ni vya chuma. Mwaka 1578, mlangoni mwa mto uleule, vikaango viligonga na mizinga ikajibu. Andika hili pembeni mwa daftari: adui wa haramia si askari. Ni haramia mwenye ajira ya kudumu.

Sijui tumefika hatua ya ngapi, nilikuwa nimepanga kuzihesabu. Tuseme hii ni ya mashairi.

Usicheke. Katika kisiwa cha Omishima kuna hekalu la Oyamazumi, lenye hazina kubwa ya deraya za kale, na kati ya vitu vilivyowekwa wakfu pale ni tungo za renga, ambazo Murakami walishiriki kuzitunga. Renga ni shairi la kupokezana: mmoja anaanza, anayefuata anaunganisha, wa tatu anaunganisha na wa pili, hadi tungo mia. Fikiria watu waliokuwa asubuhi wakihesabu magunia ya wengine, jioni wamepiga magoti wakitafuta neno la majira ya kupukutika majani. Kuna faida ya kibiashara pia. Mtu anayeweza kupokea beti yako bila kuiharibu unaweza kumwamini na mlango wa bahari. Anayeivuruga usimpe hata bandari ya kukaushia nyavu.

Suala la uaminifu kwa bwana wako litazame kama unavyotazama maji: yana kujaa, yana kupwa. Takeyoshi alikuwa na Mori, akawaacha karibu na mwaka 1571 hadi wakaja kumzingira kisiwani kwake, na mwaka 1576 watu wake walikuwa tena mstari wa mbele wa Mori kama vile hapakuwa na neno. Kurushima nao waligeuka mwaka 1582, wakaenda kwa Toyotomi Hideyoshi, aliyekuwa bado jemadari wa Oda. Waliobaki waliwaita wasaliti. Historia ikawapa Kurushima eneo la kutawala.

Na hapa inabidi nikueleze kuhusu kustaafu, jambo ambalo miongozo mingine hulificha.

Siku ya 8 ya mwezi wa 7 mwaka 1588, kwa kalenda yao, Hideyoshi alitoa amri mbili kwa mpigo. Moja iliwanyang'anya wakulima panga. Ya pili ilipiga marufuku uharamia: manahodha na wavuvi wote wachunguzwe, waape kwa maandishi kuwa hawatafanya kazi hiyo tena, na bwana atakayewafuga maharamia katika eneo lake anyang'anywe eneo. Wakati huo Hideyoshi alikuwa ameshaichukua Shikoku na Kyushu, sehemu kubwa ya nchi ikimpelekea mali kwa hofu. Hakuna aliyemwita kaizoku. Alikuwa na karatasi kubwa kuliko ya Takeyoshi.

Miaka minne baadaye akawapeleka watu wa bahari kwenda kuivamia Korea. Tokui Michiyuki, wa nyumba ya Kurushima, aliuawa mwaka uleule wa 1592. Mdogo wake, Kurushima Michifusa, alikufa mwaka 1597 katika mlango wa bahari wa Myeongnyang, ambako admirali Yi Sun-sin alikuwa na meli 13 dhidi ya zaidi ya 100. Yi aliusubiri mkondo ugeuke. Michifusa alizaliwa kwenye mkondo, alilelewa kwenye mkondo, ukoo wake ulikula kwa mkondo, akauawa na mtu aliyeujua mkondo wa kwao.

Waliobaki walipangiwa makazi. Vita vya Sekigahara vya mwaka 1600 vilipokwisha, mrithi wa Kurushima, aliyekuwa upande ulioshindwa, aliruhusiwa kubaki bwana, ila mwaka 1601 akahamishiwa mahali paitwapo Mori (si ukoo ule wa Mori), katika mkoa wa Bungo. Ukiitafuta kwenye ramani, anzia baharini kisha endelea kupanda milima ya Kyushu. Huko hakuna mkondo wa kutoza isipokuwa wa mtoni. Baadaye walibadilisha hata alama za kuandikia jina lao, yakabaki matamshi tu. Kuki Yoshitaka alijiua mwaka huo wa 1600, na mwaka 1633 ukoo wake ukagawanywa na kupelekwa Sanda na Ayabe, miji miwili ambayo ukisimama katikati yake huoni bahari upande wowote. Takeyoshi alifia kisiwani Yashiro mwaka 1604, na wajukuu wa Noshima wakawa wasimamizi wa vyombo vya ukoo wa Mori, kazi ya mshahara, yenye zamu.

Kwa hiyo ukiona serikali inakupa cheo na shamba zuri bara, uliza kwanza ni kilomita ngapi hadi ufukweni.

Kama bado una nia, nenda ukajifunze papohapo. Katika kisiwa cha Oshima, ng'ambo ya Noshima, kuna jumba la makumbusho la Murakami, na boti za watalii hukupeleka ukauone mkondo kwa karibu. Kiingilio unalipa kabla. Njia ya kufika ni rahisi. Visiwa vile, Innoshima na jirani zake, sasa vimeunganishwa kwa madaraja yaliyokamilika mwaka 1999, kutoka Onomichi hadi Imabari, kilomita 60 hivi, na la mwisho linavuka mlango wa Kurushima wenyewe. Magari hutozwa ushuru. Weka pesa karibu. Risiti wanatoa, bendera hawatoi.